Kochi la Mama Mkwe

Waliaula hakuwahi kukalia kiti kabla ya kukibonyeza. Awe kanisani, kwa kinyozi au kwenye benchi la zahanati, alikunja ngumi, akakisukumia kifundo cha kidole cha kati, akangoja kidogo kama anayesikiliza, ndipo akaketi. Siku ya harusi yao, mbele ya pasta na wazee wa pande zote mbili, bwana harusi aliinama akabonyeza kiti alichopambiwa kwa lesi. Watu wakaangua kicheko. Yeye akamnong'oneza Adongo, bibi harusi wake, "Sponji ya vipande hii. Haimalizi mwaka."

Adongo alimwonea aibu mwanzoni, kisha akazoea, kisha akajikuta anabonyeza viti vya watu yeye mwenyewe.

Waliaula alikuwa fundi wa makochi. Banda lake lilikuwa Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi, na makochi yaliyokamilika yalikaa nje yakiwa yamevikwa nailoni yasile vumbi la malori. Alifika Kisumu akiwa kijana, kutoka kwao Bungoma, akaoa Mjaluo wa Usenge, mwalimu wa chekechea, wakapata binti mmoja, Shantel. Alikuwa mtu wa mwili na wa mzaha, na chakula hakikumshuka vizuri kama hana wa kula naye. Mteja aliyekuja banda lile mchana kuulizia bei alijikuta ameshika tonge kabla hajatajiwa bei yenyewe.

Kila mwaka, mvua za Oktoba zikianza, kazi ilimmeza. Hakuna anayetaka kupokea wageni wa Krismasi kwenye kochi lililobonyea. Mwaka huo ikaongezeka hoteli mpya iliyotaka viti vya ukumbi mzima, na Waliaula, ambaye hakujua kumwambia mtu hapana, akasema ndiyo kwa wote. Alikula amesimama, mkono mmoja una mkate na mwingine una stapla. Alirudi nyumbani na nyuzi za sponji kwenye nyusi.

Dawa zake za presha ziliisha mwanzoni mwa Desemba. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwonya mapema, tena mbele ya Adongo, kwamba dawa hizo hazikatizwi, kwamba moyo wake ulikuwa unasukuma damu kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani, na mtu wa namna hiyo hapumziki katikati ya mlima. Waliaula aliitikia kwa kichwa. Lakini foleni ya zahanati hula asubuhi yote, na asubuhi ndipo mwanga ulipokuwa mzuri wa kukata kitambaa.

"Utaenda lini?" Adongo aliuliza.

"Nikimaliza hoteli."

Wiki ya Krismasi Adongo alimpelekea chakula bandani, akamkuta ameegemea fremu ya kochi, kiganja cha kulia kimeshika bega la kushoto, macho yanatazama barabara pasipo kuona kitu. Malori yalipita. Adongo alisimama na bakuli lake mpaka mumewe alipogeuka.

"Ni stapla," Waliaula akasema. "Inachosha mkono."

Lakini stapla hakuipiga kwa mkono huo wa kushoto. Adongo alilijua hilo, na tangu siku hiyo usiku ulipokuwa mzito alilala ameweka kiganja juu ya mgongo wa mumewe, akiupima unavyopanda na kushuka.

Kazi ikaisha Januari. Waliaula aliingia nyumbani kabla jua halijatua, jambo ambalo Shantel alikuwa amelisahau, akabonyeza kiti chake, akaketi, akanyoosha miguu.

"Jumamosi twende Usenge," akasema. "Nimechoka kula nimesimama kama farasi. Nataka kuketi, niletewe samaki, Ooko anitukane, nimtukane. Mama yako nimemkosa."

"Zahanati kwanza."

"Zahanati Jumatatu."

"Baba Shantel."

"Jumatatu, Adongo. Nimeapa. Jumamosi wacha nile."

Alipenda Usenge kwa namna ambayo iliwashangaza hata watu wa Usenge. Wakwe wengi huenda ukweni kama wanaoenda kwa chifu. Yeye alikwenda kama anayekwenda sikukuu. Adongo alimtazama usoni, akaona furaha ya kitoto pale, na chini ya furaha rangi fulani ya majivu ambayo hakuipenda. Akakubali. Nani angemnyima?

Waliondoka asubuhi kwa gari la Wechuli, rafiki yake Waliaula na mtu wa kwao, aliyembebea mbao siku za kazi na kumbebea familia siku za mapumziko. Walipofika Kondele walisimama kununua mikate, sukari na majani chai, maana ukweni hakuendwi mikono mitupu. Adongo aliona duka la dawa ng'ambo ya barabara, mlango wazi, mhudumu anapangusa kaunta.

"Wechuli, ngoja kidogo nivuke hapo."

"Mwalimu, hapa Kondele nikingoja, askari wa kaunti wanafunga gurudumu mnyororo kabla hujateremka."

"Twende," Waliaula akasema. "Tutanunua tukirudi. Duka la dawa halina miguu."

"Na wewe ndiyo uko nayo?"

"Mimi niko na tumbo. Miguu ni ya kulibeba tu."

Wechuli alicheka akagonga usukani kwa kiganja. Shantel akacheka. Adongo naye akacheka, kwa kuwa kilikuwa kichekesho, na gari likang'oka. Aligeuka nyuma kutazama ule mlango wazi mpaka ukamezwa na watu.

Baada ya Kisian barabara ilifunguka, ziwa likaonekana kushoto, limetulia pasipo hata mkunjo. Hakukuwa na upepo. Waliaula aliimba njia nzima, nyimbo za kwao ambazo Wechuli peke yake alizijua, na kila alipofika kwenye kiitikio aliishiwa na pumzi kidogo, akaruka maneno, akaendelea mbele kana kwamba wimbo ndio ulivyo.

Ufukweni Usenge jua lilikuwa limekwisha kukaza. Omena, dagaa wa ziwa hilo, zilianikwa kwenye nyavu chini, zikimeta kama mchanga umemwagiwa sindano, na wanawake waliinama kuzigeuza kwa mafagio. Korongo wakubwa, vichwa upara, walisimama pembeni wakingoja, hawana haraka. Ooko, kaka yake Adongo, mnunuzi wa samaki hapo ufukweni, aliwaona kwa mbali akaja amefungua mikono.

"Ora!" alipaza sauti, kwa neno ambalo Wajaluo humwitia shemeji. "Kwani huko Nyamasaria wanakulisha sponji? Umefura!"

"Na wewe ziwa limekukausha. Ukilala hapo kwa nyavu, mtu atakupima na mkebe wa gorogoro."

"Afadhali mimi nitanunuliwa. Wewe nani atakubeba?"

Walikumbatiana, wakapigana migongoni. Ooko aliwatembeza mpaka kwenye mashua iliyokuwa imetoka kuvutwa nchi kavu, akamwacha shemeji achague samaki mwenyewe. Waliaula alichagua ngege wanene, bado wanapumua, akaomba na kipande cha mbuta cha kukaanga. Alizungumza na wavuvi, akauliza bei za mbao, akamfundisha Wechuli kutambua jicho la samaki aliyelala. Alikuwa na raha. Yeyote aliyekuwa pale angeapa kwamba mtu huyu ana raha.

Kisha, wakirudi kwenye gari, mchanga ukiwa unazamisha viatu, alisimama. Aliweka mkono kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa, akainamisha kichwa.

"Nini?" Adongo alikuwa ameshafika.

"Naangalia kazi. Huyu fundi amejua kuunga mbao."

Jasho lilimtoka kwenye kidevu, likadondoka juu ya mbao alizokuwa akizisifu. Adongo alimshika kiwiko. Nyama ya mkono ilikuwa baridi, katika jua lile.

"Turudi Kisumu," akasema. "Sasa hivi."

"Mama yako amechinja kuku. Unataka nimpitie mlangoni nimpungie mkono?" Akajinyoosha. "Ni kiungulia. Yale mandazi ya asubuhi."

Boma la mama yake Adongo lilikuwa mwendo mfupi kutoka ufukweni, nyumba ya mabati ya buluu, na ndani sebuleni kulikuwa na kitu ambacho kijiji kizima kilikuja kukitazama kilipofika: seti ya makochi ambayo Waliaula alimtengenezea mama mkwe kwa mikono yake, kitambaa cha rangi ya mvinyo, mbao za msonobari, na lile refu la katikati alilirefusha makusudi, mtu mzima alale ajinyooshe. Mama alilivika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulala juu yake. Wageni walikaa ukingoni.

Mama alimpokea mkwe wake kwa mbali, kwa tabasamu na kuinama kidogo, bila kupeana mkono. Ndivyo ilivyotakiwa. Kwa Wajaluo, mkwe hulishwa, husifiwa, kisha huaga, na hawezi kulala chini ya paa la mama mkwe. Kwa Wabukusu, walikotoka akina Waliaula, heshima hiyo ni nzito zaidi, na watoto huifundishwa kabla ya kufundishwa kuchunga ng'ombe. Mwili wa mkwe, uchovu wake, maumivu yake, si vitu vya kuanikwa mbele ya mama mkwe. Kwa jambo hili pande hizo mbili hazikuwahi kubishana. Kila upande ulijivunia kuwa umepata wakwe wanaojua adabu.

Chakula kikaja. Kuku wa kienyeji kwenye mchuzi mzito, ngege wa kuchemsha na nyanya, mbuta wa kukaanga, mboga ya managu iliyolala kwenye maziwa, ugali wa wimbi mweusi kama udongo wa mtoni. Kwa muda hapakuwa na sauti isipokuwa ya vidole na mifupa. Kisha mizaha ikarudi. Ooko alimwiga Waliaula akimbembeleza mteja. Wechuli akasimulia jinsi kochi moja lilivyodondoka kutoka kwenye gari lake katikati ya Kondele, na kabla hajashuka mzee mmoja alikuwa ameshaketi juu yake anasoma gazeti. Mama alicheka nyuma ya kitambaa cha kichwa, akifuta machozi.

Adongo aliyakumbuka yote hayo baadaye kwa ukamilifu unaoumiza, kwa kuwa alikuwa ameacha kula na kazi yake ilikuwa ni kutazama. Alimwona mumewe anakata samaki, anapeleka mkono mdomoni, anautelemsha, samaki bado yuko vidoleni. Alimwona anasugua taya, kama mtu mwenye jino.

"Baba haoni ladha?" mama aliuliza, akimwelekea Adongo, si mkwe.

"Ladha ipo, mama," Waliaula akajibu. "Ni tumbo limejaa gesi."

"Shantel, mletee babako soda."

Shantel alileta. Waliaula alikunywa kwa mkupuo mmoja, akangoja, akatoa mbweu ndefu ambayo aliizuia kwa ngumi kwa ajili ya adabu.

"Ahaa!" Ooko akapiga makofi. "Imetoka!"

Wote wakacheka kwa nafuu, hata mama. Kwa muda mfupi hata Adongo aliamini. Uso wa mumewe ulirudisha rangi kidogo. Akaomba kipande kingine cha ngege, akala nusu yake.

Mama akainuka kwenda kutia chai motoni, na hapo ndipo Adongo alipoona mkono wa kushoto. Ulikuwa umelala kwenye paja la Waliaula, kiganja juu, vidole vimekunjika, kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau hapo.

Alimsogelea. "Jilaze hapo," akanong'ona, akimwonyesha kochi refu. "Kidogo tu. Wechuli awashe gari."

Waliaula alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo.

"Kwa mama yako?"

"Umelitengeneza wewe."

"Nimemtengenezea yeye." Alipumua, akatafuta pumzi nyingine. "Usinitie aibu, Adongo. Tutakunywa chai, tutaomba, tutaondoka kama watu."

Ooko alisikia. Wechuli alisikia. Wechuli aliinuka nusu, akatazama mlango wa jikoni ambako mama alikuwa, akaketi tena. Ooko alianza kukusanya mifupa kwenye sahani, polepole, mfupa mmoja mmoja. Nyumba yake mwenyewe, ambako shemeji angeweza kujilaza bila aibu, ilikuwa kule ufukweni, na Adongo alijua anaipima ile njia kichwani.

Chai ikaja. Mama akaimimina, na alipofika kwa mkwe wake mkono ukamsimama hewani. Alimwona. Hakuna mwanamke aliyezika mume asiyeijua rangi ile. Aliinua macho kwa bintiye, midomo ikafunguka, kisha akaiweka birika mezani akasema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, "Tuombe, watoto. Njia ni ndefu."

Maombi ya mama yake Adongo yalijulikana Usenge nzima. Aliwaombea walio barabarani na walio majini, wajane, wagonjwa wa kanisa kwa majina. Siku hiyo alianza haraka, kama anayekimbia, lakini maneno ya maombi yana njia zake na hayakujua kukatiza. Adongo hakufumba macho. Kila mtu mle ndani alikuwa ameinamisha kichwa, isipokuwa yeye, na Waliaula, aliyekaa wima pembeni mwa kochi lake mwenyewe, magoti pamoja kama mvulana mbele ya mwalimu mkuu, akitazama mbele. Kilichomtoka usoni hakikuwa jasho tena, kilikuwa maji. Kilisikika kikidondoka kwenye shati. Adongo alitaka kupiga yowe. Alingoja amina.

Amina ilipofika alikuwa ameshasimama. "Tunakwenda. Wechuli, gari."

Waliaula aliinuka mwenyewe. Alimshukuru mama mkwe kwa chakula, maneno yote, kwa utaratibu wake, akainama. Ooko alimpa bega kama kwa mzaha, wakatoka mlangoni wamekumbatiana kama walevi wawili, Ooko akijilazimisha kucheka mpaka garini. Shantel aliachwa kwa nyanya yake.

Wechuli aliendesha huku taa zimewashwa na mkono juu ya honi. Ooko mbele alipiga simu hospitali ya Bondo. Nyuma, kichwa cha Waliaula kilikuwa mapajani kwa Adongo, kizito, na kiganja chake kilikuwa kifuani kwa mumewe kama kila usiku mzito tangu Desemba. Mahali fulani kabla ya mji, kwenye barabara nzuri isiyo na shimo, kiganja kile kikaacha kupanda. Hakumwambia Wechuli apunguze mwendo. Daktari aliyetoka mbio na machela aliinama dirishani, akamgusa shingoni, kisha akainuka polepole, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuwaomba wazime gari.

Walimzika kwao Bungoma. Mama alisafiri mpaka huko, akaketi pamoja na wanawake wa Kibukusu, na jioni moja alimwita Adongo pembeni.

"Nilingoja wewe useme," akamwambia. "Ungesema 'mama, anaumwa, anataka kulala,' ningemlaza kitandani kwangu. Mimi singeweza kuanza. Ningemwambiaje mkwe avue viatu?"

Ooko alisema alimngoja mama. Wechuli alisema yeye ni mgeni tu, alingoja wenye boma. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, na kila mmoja alikuwa amesimama kando kwa adabu ili mwenzake apite kwanza. Muuguzi wa zahanati, Adongo alipompelekea habari, alisema kulala peke yake kusingesaidia, kilichohitajika ni hospitali, na mapema. Alikusudia kumfariji. Adongo alirudi nyumbani akipanga upya ule mchana: ufukweni, kwenye mashua, mezani, kabla ya soda, kabla ya chai, kabla ya maombi. Mahali ni pengi. Hachoki kupapanga.

Kitu kimoja tu hakipangi upya, nacho ni kile kipande kifupi cha kutoka mlangoni kwa mama hadi barabarani. Gari lilikuwa linarudi kinyumenyume taratibu kati ya ua wa minyaa. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mkono kwenye kichwa cha Shantel, anatazama. Waliaula aliketi wima nyuma, mgongo haugusi kiti, mkono wa kulia umeshika kishikio juu ya dirisha. Alikuwa ameshafumba macho. Adongo alimvuta kichwa kimjie mapajani, shingo ikakataa, ngumu kama mti. Kisha Waliaula akamuuliza kitu, naye Adongo akajibu ndiyo, ijapokuwa bado walikuwa ndani ya boma na mama alikuwa anawaona, na shingo ile ikalegea, akashuka mapajani mwake na uzito wake wote. Swali lile Waliaula aliliuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa:

"Mama Shantel, tumeshapita geti?"